Wasikilizaji Walio Mbali na Njia

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki mashairi, tamthilia na riwaya. Hawajazoea kuhakiki asilimia. Ripoti isemayo kwamba watu wa mkoa fulani wanasikiliza kituo fulani kwa asilimia kadha hupokewa kama tarehe ya kupatwa kwa jua, yaani jambo lililokwisha kupimwa na wajuzi, ambalo sisi tulio nje ya elimu hiyo hatuna la kuongeza. Ilhali ripoti hiyo ni maandishi kama maandishi mengine. Ina mwandishi, ina mlipaji, ina watu iliowapa nafasi ya kusema na watu iliowanyima, na ina lugha yake yenye mafumbo. Kwa hiyo yafaa isomwe kwa jicho lile lile tunalolitumia kusomea utenzi.

Twasema hivi kwa sababu idadi hizo zina nguvu. Ndizo zinazotazamwa unapogawanywa muda wa hewani, na ndizo wanazoonyeshwa wafanyabiashara wanaotaka kutangaza sabuni na simu zao. Kipindi cha mashairi, cha hadithi za wazee au cha ngoma za mikoani huweza kuhamishwa kutoka saa mbili za usiku hadi saa tisa za mchana, watu wakiwa mashambani, au kuondolewa kabisa, kwa kuwa karatasi imesema hakina wasikilizaji. Mzee wa kijijini ambaye hakuulizwa na mtu huona tu kwamba sauti aliyoizoea imenyamaza, wala hajui ni wapi apeleke malalamiko yake. Katika makala haya tunakusudia kuzitazama idadi hizo tukiwa tumesimama Bukene, maana mtu akisimama hapo huona mambo ambayo hayaonekani vizuri kutoka Dar es Salaam.

Bukene imo katika wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, na reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyomalizika mwaka 1928, inapita hapo. Kabla ya reli palikuwa na njia za misafara. Njia kuu ilitoka pwani hadi Tabora, ambako wageni wa karne ya 19 walikuita Kaze. Kutoka hapo moja iliendelea magharibi hadi Ujiji, na nyingine ilielekea kaskazini. Speke aliishika hiyo ya kaskazini mwaka 1858 hata akalifikia ziwa kubwa. Wasafiri wa namna yake walipenda kuandika idadi: kijiji hiki kina watu kadha, sultani yule ana bunduki kadha. Walihesabu walichokiona, na walichokiona kilikuwa kando ya njia. Watu waliokaa mwendo wa siku mbili kutoka barabarani, pengine kwa sababu hiyo hiyo ya kuikimbia barabara na madhara yake, hawakuingia katika hesabu ya mtu yeyote.

Aliyezidisha hesabu ya namna hiyo kuliko wote ni Stanley, yule yule aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1871. Katika kitabu chake juu ya Kongo kilichotoka mwaka 1885 alichukua idadi ya watu aliowaona kwenye kingo za mito, akaizidisha kwa ukubwa wa nchi nzima, akapata makumi ya mamilioni. Sasa, mtu yeyote aliyekaa bara anajua kwamba watu hujikusanya penye maji na penye biashara. Kuihesabu kingo ya mto na kudai umeihesabu misitu ni sawa na kuihesabu siku ya mnada na kudai ndiyo idadi ya watu wa kila siku. Hata hivyo idadi ile ilinukuliwa na wengine kwa miaka mingi, kwa kuwa ilikuwa idadi, na idadi hupewa heshima ambayo neno tupu halipewi.

Huenda msomaji akafikiri kwamba hayo yalikuwa mambo ya zamani, na kwamba elimu ya takwimu imekwisha kuyasahihisha. Elimu imesahihisha sana. Miguu ya mtafiti bado. Mwaka 1983 Robert Chambers, ambaye alifanya kazi miaka mingi Afrika ya Mashariki, aliandika kitabu kizima kueleza jinsi wataalamu wanavyoitazama vijijini kupitia dirisha la gari, wakati wa kiangazi, kandokando ya barabara ya lami, wakizungumza na wanaume wenye nafasi. Mwenyeji wa Bukene hana haja ya kitabu hicho ili aelewe. Mdadisi anayekuja na hojaji ishirini na siku mbili za kuzijaza ataanzia ofisi ya kata, kisha ataonyeshwa nyumba zilizo karibu na stesheni na soko. Hapo umeme upo, maduka yapo, na redio ya muuza duka hulia tangu asubuhi. Jioni inakaribia na dereva anataka kurudi Nzega. Kama ni masika, mbuga za mpunga zimejaa maji, na kitongoji kilicho ng'ambo ya mbuga kitahesabiwa kwa kukisiwa, au nyumba yake itabadilishwa kwa nyumba nyingine iliyo karibu. Katika ripoti nyumba ile ya ng'ambo na nyumba hii ya karibu zitaandikwa kwa neno moja: kijijini.

Hilo ni la njia. Liko jambo gumu zaidi, nalo ni kujua ni nani aitwe msikilizaji.

Katika nchi ambazo vipimo hivi vilibuniwa, ilikuwa rahisi kudhani kwamba nyumba moja ni redio moja na watu wake, na baadaye kwamba kila mtu ana redio yake chumbani. Kwetu redio moja ilikuwa ya ukoo, au ya kilabu cha pombe, au ya duka. Betri zilipoisha nguvu zilianikwa juani ili zirudishe uhai kidogo, na mwenye redio aliamua ni habari za saa ngapi zinastahili kuimalizia betri. Leo simu ya mkononi imebadili mengi, na redio imo ndani ya simu nyingi. Lakini desturi ya mmoja kufungua na wengi kusikia haijakoma. Hojaji inayouliza, "Je, una redio?" inahesabu mali. Haijaanza kuhesabu masikio.

Tena lugha yetu ina hekima ambayo hojaji zilizofasiriwa huivunja. Kiswahili kinatofautisha kusikia na kusikiliza. Kusikia humpata mtu bila yeye kutaka. Kusikiliza ni tendo la nia. Zaidi ya hayo, mama anapomwuliza mtoto, "Umesikia?" haulizi habari za sauti, anauliza kama mtoto atatii. Basi mdadisi akiuliza, "Jana ulisikiliza redio?" mwanamke aliyekuwa anasonga ugali huku redio ya mumewe ikisema uani atajibu kwamba hakusikiliza, maana hakukaa kitako akasikiliza, ingawa ukimwuliza bei ya pamba iliyotangazwa atakutajia bila kusita. Mumewe aliyesinzia kando ya redio atajibu kwamba alisikiliza. Katika jedwali mume ni mmoja, mke ni sifuri. Hapo tumesema habari za watu wanaohojiwa kwa Kiswahili nacho ni lugha yao ya kila siku. Hatujasema habari za bibi kizee anayefikiri kwa Kinyamwezi, ambaye swali humfikia kupitia kwa mjukuu, na jibu hurudi kupitia kwa mjukuu huyo huyo.

Nchi yetu ina mfano mkubwa ambao kila mwalimu wa makamo aliusikia kwa wazazi wake, nao ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kabla yake palikuwa na Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971. Baada yake ikaja Chakula ni Uhai mwaka 1975. Katika Mtu ni Afya watu walikusanyika kwa vikundi kila juma kwa muda wa majuma 12, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana juu ya maji, mbu na vyoo, kisha wakaenda kutenda. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa. Walioshiriki wanakadiriwa kufikia milioni mbili.

Tunaiheshimu kazi ile, wala hatuna nia ya kuipunguza. Lakini mwanafunzi na afanye hesabu moja rahisi ya kugawanya, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya idadi kubwa. Milioni mbili kwa viongozi 75,000 ni watu karibu 27 kwa kila kikundi. Je, watu wazima 27 kuzunguka redio moja, kila juma, majuma 12? Yawezekana. Yawezekana pia kwamba baadhi ya vikundi vilikuwa na 40 na vingine havikukutana kamwe. Tena yuko aliyehudhuria mara moja akala karanga akaondoka, na yuko aliyehudhuria mara zote 12. Je, katika milioni mbili hawa wawili wana uzito mmoja? Tukumbuke pia kwamba sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imehesabu watu wapatao milioni 12.3 katika nchi nzima, karibu nusu yao wakiwa watoto. Milioni mbili ingekuwa zaidi ya robo ya watu wazima wote. Hilo ni dai kubwa kwelikweli, na ukubwa wake hauonekani mpaka uligawanye.

Jambo moja katika utafiti wa kampeni ile latupendeza hasa. Watafiti hawakuridhika kuuliza watu kama wamejifunza. Walikwenda majumbani kutazama, kabla na baada, kama choo kimechimbwa na kama maji yamefunikwa. Choo hakina adabu ya kumfurahisha mgeni. Kipo au hakipo. Ingawaje hata hapo mtu wa vijijini atacheka kidogo, kwani anazijua hadithi za choo cha bwana afya, kilichochimbwa kwa ajili ya mkaguzi, kikafagiliwa kila asubuhi, na ambacho hapana mtu wa nyumba hiyo aliyekiingia.

Tumetaja adabu, nayo inahitaji kusemwa waziwazi kwa sababu vitabu vya takwimu huitaja kwa haraka mno. Mgeni akifika kwa Mnyamwezi hupewa kiti, hupewa maji, na hupewa jibu zuri. Mgeni huyo akiwa ameletwa na mtendaji wa kijiji au balozi wa nyumba kumi, ana karatasi na kalamu, naye akauliza kama vipindi vya serikali vinafaa, atajibiwa kwamba vinafaa sana na kwamba wananchi wanashukuru. Anayejibu hivyo hakusema uongo. Ametimiza wajibu wa mwenyeji, na pengine amefanya hesabu yake mwenyewe kwamba asemaye redio haina faida huenda asiletewe kisima. Wajuzi wana hila ya kulipima jambo hili: katika orodha ya vipindi hutia jina la kipindi kisichokuwapo, wakaona ni wangapi watakaosema wamekisikia. Yeyote anayesoma ripoti ya wasikilizaji angeuliza kwanza kama hila hiyo ilitumika, na ilileta jibu gani.

Kutokana na mashaka ya namna hii, baadhi ya watafiti waliofanya kazi hapa nchini katika miaka ya 1970 waliigeukia njia nyingine. Budd Hall, aliyeshiriki katika kuzitathmini kampeni za redio, na Marja-Liisa Swantz, ambaye alikaa sana na watu wa pwani, ni miongoni mwa walioanza kuueneza utafiti shirikishi, yaani utafiti ambamo wanaochunguzwa nao huamua ni nini kichunguzwe. Mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa tangu mwaka 1975 hadi 1979 katika wilaya ya Bagamoyo na Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana pamoja na watafiti wa Finland, ulikuwa tunda la fikra hizo. Latufurahisha kwamba jambo hilo lilifanyika huko ambako misafara yetu ilikuwa ikiishia. Hata hivyo utafiti shirikishi hauwezi kutuambia ni watu wangapi katika nchi nzima waliosikiliza kipindi. Nao waliouanzisha hawakudai hivyo.

Tukitaka kuona hesabu iliyofanywa kwa uangalifu, tuutazame mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kutangazwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Wasikilizaji wa siku zile hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake kila kituo, wala mkewe Tunu. Mchezo ulikusudia kufundisha uzazi wa majira na kinga ya UKIMWI. Ili kujua kama umefaulu, watafiti walifanya jambo la busara: mkoa wa Dodoma, wenye mtambo wake, ulitangaziwa vipindi vingine saa ile ile hadi mwaka 1995, ili uwe wa kulinganishwa na mikoa iliyousikia. Kila mwaka walihojiwa watu kiasi cha 2,750. Mwaka 1999 Everett Rogers, Peter Vaughan, Ramadhan Swalehe na wenzao wakachapisha matokeo, wakionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa majira yaliongezeka zaidi mahali mchezo uliposikika. Hawakutegemea maneno ya waliohojiwa peke yake, walitazama pia daftari za zahanati.

Kwa maoni yetu utafiti huo ndio kielelezo ambacho wanafunzi wa shule za sekondari wangepaswa kukisoma, kwa uzuri wake na kwa maswali unayoyaacha. Dodoma si sawa na mikoa mingine kwa ukame, kwa njaa, kwa makabila yake na kwa barabara; tofauti iliyoonekana ni ya mchezo kwa kiasi gani, na ya Dodoma kwa kiasi gani? Sehemu kubwa ya wasikilizaji walisema kwamba wamebadili mwenendo kwa sababu ya mchezo. Lakini anayefungua redio kusikiliza mchezo juu ya UKIMWI, je, si huenda alikuwa amekwisha kuanza kufikiri juu ya UKIMWI? Je, mchezo ulimbadili, au mtu aliyekuwa akibadilika aliutafuta mchezo? Kuhusu mwenendo wa chumbani hakuna choo cha kwenda kutazama. Daftari la zahanati ndilo lililokuwa karibu nalo, na ndiyo sababu tunalithamini kuliko asilimia zote za majibu. Sisi twaamini kwamba mchezo ule ulifanya kazi. Twaamini hivyo zaidi kwa ajili ya Dodoma na daftari, kidogo kwa ajili ya watu kusema kwamba uliwafaa.

Pana swali ambalo utafiti ule haukuliuliza, wala haukupaswa: je, ulikuwa mchezo mzuri? Tunaingia hapo kwenye uwanja wetu wenyewe, na kwa bahati nchi hii ina uzoefu wa kale wa kupima sanaa kwa wingi wa watu.

Jirani zetu Wasukuma, ambao wengi wao wanakaa pamoja nasi katika Nzega, wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Katika mashindano yao vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja mahali pake uwanjani, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Kila kikundi kina manju wake, ambaye ni mtunzi na kiongozi. Kinachovuta watu wengi zaidi ndicho mshindi. Kwa hiyo elimu ya kupima hadhira haikuja kwetu na wafanyabiashara wa matangazo. Ilikuwapo, tena ilikuwa kali. Manju aliyeachwa na watu hakuhitaji ripoti.

Tuulinganishe uwanja huo na ripoti. Katika uwanja, anayehesabiwa anajua kwamba anahesabiwa, na hesabu yake ni miguu yake mwenyewe: ameondoka huku amekwenda kule, vumbi likaonekana. Hakuna mtu aliyemjibia. Aliyeshindwa huweza kubisha, lakini hubisha mbele ya watu walioona yale yale aliyoyaona yeye. Katika ripoti ya kisasa, mwenye kuhesabiwa hakuwapo; mkulima wa Bukene anaambiwa kwamba yeye na wenziwe wanapenda kituo fulani, na hana mahali pa kwenda kuliangalia vumbi hilo. Hojaji zimefungiwa kabatini. Orodha ya vijiji haikuchapishwa, na swali lenyewe kwa maneno yake halikuchapishwa. Kampuni inayouza ripoti kwa vituo vya redio na televisheni itasema kwamba hayo ni mali yake ya biashara, na kisheria huenda ni kweli. Ila basi wasituombe tuyaamini kama tunavyouamini uwanja.

Pamoja na hayo uwanja nao una udhaifu wake, na manju waliujua kabla ya watakwimu. Kwa kuwa ushindi ni wingi wa watu, walitafuta dawa za kuvuta watu, na wapo waliotia chatu ndani ya ngoma, kwa sababu binadamu yeyote atakimbia kwenda kumtazama chatu. Chatu akavuta. Lakini aliyekuja kwa ajili ya chatu na aliyekuja kwa ajili ya wimbo wa manju walisimama bega kwa bega, wakahesabiwa sawa. Baada ya mavuno kupita na vumbi kutulia, nyimbo zilizobaki vinywani mwa watu wakati wa kulima zilikuwa hesabu nyingine. Redio za siku hizi zina chatu wake. Kuna kipindi cha asubuhi cha kubishana kwa kelele, na kuna habari za ndoa za wasanii. Vinavuta, hatukatai. Mkuu wa vipindi anayepima kwa miguu tu atajaza ratiba yake na chatu mpaka hapatabaki pa kuimbia.

Turudi kwenye hesabu kidogo, kwa ajili ya wanafunzi, kwani wengi hudhani kwamba kuishuku asilimia ni kuichukia hisabati. Sivyo; hisabati ndiyo silaha ya kushukia. Tuseme utafiti umehoji watu 2,000 nchi nzima, nao wamechaguliwa vizuri kwa kura. Kwa taifa zima matokeo huweza kukosea juu au chini kwa asilimia mbili hivi, nalo ni jambo zuri. Sasa ripoti inatoa jedwali la mikoa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na katika mkoa wa Tabora 3,391,679. Fungu la Tabora katika watu 2,000 ni watu 110. Kwa watu 110 kosa linakuwa asilimia tisa hivi, juu au chini. Ripoti ikisema kwamba Tabora kituo cha kwanza kina asilimia 34 na cha pili asilimia 30, tofauti hiyo ni watu wanne au watano wa kuhojiwa. Watu watano! Yawezekana waliketi katika duka moja. Lakini kituo cha kwanza kitajitangaza kuwa ndicho "namba moja Tabora", na hapana atakayeuliza wilaya ya Nzega ilipata watu wangapi, sembuse Bukene.

Wala wingi peke yake hauponyi. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilitaka kubashiri uchaguzi wa rais. Likatuma karatasi milioni kumi, zikarudi zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya kutumiwa karatasi yalikuwa yamechukuliwa kwa sehemu kubwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, katika mwaka wa dhiki ambapo maskini hawakuwa na simu wala gari. Tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walionyamaza. Siku hizi vituo vyetu huwaomba wasikilizaji wapige kura kwa ujumbe wa simu, kisha hutangaza kwamba "Watanzania wamesema". Wamesema wenye simu, wenye salio, waliokuwa wakisikiliza dakika ile, na waliopenda kusema. Wafuatao ni milioni mbili wa Literary Digest waliozaliwa upya.

Yapo mazuri. Twaweza, walipoanzisha Sauti za Wananchi mwanzoni mwa miaka ya 2010, walizigawia kaya walizozichagua simu na chaja za jua, ili asiye na simu asiachwe nje ya hesabu. Hapo mtu ameona mtego akaukwepa. Huweza kuulizwa kama mwenye simu ya kupewa huendelea kufanana na jirani yake asiyepewa. Nalo ni swali la heshima, swali ambalo huulizwa kazi iliyofanywa vizuri.

Tumeona shuleni kwamba wanafunzi hupewa takwimu wachore mihimili na duara, nao huzichora vizuri kwa rangi. Mara chache huambiwa wazitafutie takwimu hizo mwandishi. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kufanya hivyo bila kifaa chochote, akishirikiana na mwalimu wa hisabati. Wanafunzi wagawanyike wawili wawili, waende vitongojini mbali na stesheni saa ya taarifa ya habari ya jioni. Siku ya kwanza wasiulize mtu neno lolote. Wasimame wasikie redio iko wapi, waandike ni watu wangapi waliomo mahali sauti inapofika, wamefanya nini, wamekaa au wanapita. Siku ya pili warudi na hojaji, wawaulize wenye nyumba zile zile ni nani waliosikiliza jana. Kisha darasani hesabu mbili zibandikwe ukutani pamoja, kijiji kwa kijiji, na wanafunzi waorodheshe watu waliokuwamo katika hesabu ya kwanza wakakosekana katika ya pili: alikuwa nani, alikuwa akifanya kazi gani saa ile, na ni nani aliyemjibia.